Chungu Kinachokimbia

Mfinyanzi alikuwa na dharau ya kugawia mtaa mzima na ikabaki, lakini fungu kubwa alimwekea shemeji yake, mume wa mdogo wake. Watu walimwita Profesa, jina alilopewa kwa kejeli naye akalipokea kama cheo. Uprofesa wenyewe ulikuwa tangi moja la samaki sebuleni, ndoo mbili alizozitoboa kwa mkono wake, na video za kwenye simu. Debe tupu, mfinyanzi alikuwa akisema, wala hakujisumbua kuimalizia methali.

Yeye kazi yake aliijua. Alichanganya udongo na unga wa mbao uliochekechwa, akafinyanga, akachoma. Tanurini ule unga huungua na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupita, vijidudu hukwama. Kila chungu alikijaza maji na kukipima kwa saa moja. Kikichuja lita mbili, ni kizima. Kikichuja tano au sita, hicho alikiita chungu kinachokimbia: kina ufa mahali fulani, na uchafu unapita humo bila hodi. Chungu cha namna hiyo alikichora kitakoni mistari miwili iliyokatana, kwa msumari, kisha akakivunja kwa nyundo siku hiyo hiyo.

Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi, baada ya kuvichora, alivirundika tu nyuma ya tanuri pamoja na vigae, akingoja avivunje vyote kwa mpigo mmoja. Nani mwenye akili zake angeokota chungu kilichokataliwa?

Chungu chake bora kuliko vyote alimpelekea mama yao, aliyekuwa akiishi kwa mdogo wake. Mama alikuwa ametoka hospitali baada ya tumbo kumlaza wiki tatu, na daktari alisema wazi kwamba maji machafu yakimpata tena, mwili wake hautastahimili.

Siku moja Profesa alikuja kuomba vigae vya tangi lake. Akasimama pale karakanani akimfundisha yeye, mfinyanzi, habari za udongo uliochomwa: kwamba ndani ya vile vitundu hukaa vijidudu wema wanaokula uchafu wa samaki, na ndiyo maana maji ya tangi hutulia. Yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchefua zaidi.

"Chukua chochote huko nyuma," akamwambia, bila kuinua kichwa kwenye udongo wake. Hakumpa hata heshima ya kumtazama akiondoka.

Wiki mbili baadaye mdogo wake alipiga simu akilia. Mama anaharisha tangu jana, hata kukaa hawezi, na teksi imeshaitwa. Mfinyanzi alitoka na udongo mikononi. Njia nzima alikuwa na hofu, na juu ya hofu hiyo alikuwa akipanga maneno ya kumvua nguo Profesa.

Alimkuta Profesa mlangoni, tayari anajitetea. Maji si tatizo, alisema. Maji ameyaboresha yeye mwenyewe. Kile chungu cha kwanza kilikuwa kinadondosha tone moja moja, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Alikuwa ameweka kingine, kinachojaza ndoo kabla hujamaliza kufagia. Na cha kwanza je? Alikivunja vipande akavitia kwenye chujio la tangi. Samaki wamenawiri, shemeji akatazame mwenyewe.

Mfinyanzi alitazama. Maji yaling'aa, samaki walikuwa wanene, na chini ya bomba vilionekana vipande vya chungu cha mama yake. Akasonya. Akamwambia kwamba mtu mzima anayewapa samaki maji ya mgonjwa na kumpa mgonjwa maji ya samaki hafai hata kuchunga kuku. Kwamba mdogo wake aliolewa na ujinga wenye ndevu. Mfinyanzi akafunua ndoo ya maji ya kunywa, akakitoa hicho chungu cha ajabu, akakigeuza ili amwonyeshe ufa.

Kitakoni palikuwa na mistari miwili iliyokatana. Mkono ulikuwa wake, na msumari ulikuwa wake.

"Ulisema nichukue chochote," Profesa akasema kwa sauti ndogo. "Kilikuwa kizima. Niliona vibaya kukivunja."

Maneno yaliyosalia yalikuwa bado mdomoni, na hakuwa na wa kumtupia. Nje teksi ilipiga honi. Profesa aliingia chumbani, akatoka amembeba mama mikononi, polepole, akimkinga kichwa kisigonge mlango. Mama alikuwa amekuwa mwepesi mno. Alipofika sawa na mfinyanzi, binti yake mkubwa, alifumbua macho.

"Usimgombeze mkwe wangu," akasema. "Hicho chungu mnachogombania ni cha nani?"

Profesa aliinamisha macho, tayari kubebeshwa hilo nalo, kwa kuwa alishazoea.

"Ni changu, mama," mfinyanzi akasema. "Nimekitengeneza mimi."

Mama akatulia kifuani pa mkwewe.

"Basi hakina ubaya," akasema. "Nijazieni chupa nikanywe njiani."