Mwalimu Tafuta Jingine

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwalimu alilitukana neno moja la Kiingereza maisha yake yote ya kazi, na siku kiharusi kilipompiga na kuyafagia maneno kichwani mwake, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ndilo hilohilo lililobaki.

Neno lenyewe ni get. Kijineno cha herufi tatu, na hakuna mwanafunzi asiyekikimbilia. Umepata kitu, get. Umeamka, umefika, umepanda basi, umeshuka, umelowa, umechoka, umeelewa: get, get, get. Mwalimu aliliita neno la wavivu. Ukilitia kwenye insha alikuinulia kidole, na ukikiona kidole hicho unasimama, hata uwe mtoto wa nani. "Tafuta jingine," husema, na hukai mpaka upate neno linalobeba hasa kile ulichokusudia. Ukilipata, kidole kinashuka, nawe unashuka nacho. Shule nzima ilimwita Tafuta Jingine. Alijifanya hajui, lakini nani asiyejua jina lake?

Binti yake, kitinda mimba, naye sasa anafundisha Kiingereza katika shule ileile, na kidole kile amekirithi. Siku za mwanzo baada ya hospitali, Baba akiwa ameketishwa sebuleni, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa kuazima, alisema "get", na mama jirani akatoka mbio kwenda kufungua geti. Akarudi akasema hakuna mtu. "Get," akasema Mwalimu, na mama wa watu akaenda tena. Binti alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea, maana daktari alikuwa ameshamwambia kwamba huenda likabaki hilo moja tu.

Lakini kuishi na mtu ndiko kumjua. Kidogo kidogo akaanza kulisikia. Lililosemwa chini na kukatwa upesi lilikuwa maji. Lililovutwa mwishoni lilikuwa mto wa mgongoni umeteleza. Kulikuwa na la kufukuza nzi na la kufukuza mgeni aliyekaa mno, na hayo mawili yalifanana sana, hasa akija yule shemeji mwenye maneno mengi. La asubuhi lilikuwa salamu. Halafu jioni moja Baba aliitazama picha ya marehemu mama yao ukutani, akalisema polepole, karibu bila sauti, na nguo aliyokuwa akiikunja binti ikamponyoka.

Hakuna kamusi iliyokuwa na maana ile. Miaka yote anawaambia watoto kwamba neno lile ni gunia tupu, kumbe mtu mzima aweza kuingia humo na kiu yake, na utani wake, na ujane wake, na nafasi bado ikabaki. Jamani, herufi tatu! Usiku huo hakusahihisha hata insha moja. Kila alipoishika kalamu nyekundu aliona haya.

Kaka yake hakuyaona hayo. Yeye ndiye kifungua mimba, ana kampuni ya kusafirisha mizigo katika mji mwingine, na si mtu mbaya, ila ni wa kumaliza mambo. Alipiga simu kusema chumba kiko tayari, mtu wa kumhudumia Baba ameshapatikana, na mdogo wake aache kujiua bure. Aliyebaki pale, alisema, ni mwili tu; neno moja, hata kasuku anamshinda. Kilichomtisha binti hakikuwa safari. Kule, mikononi mwa mgeni wa kulipwa, neno la Baba lingekuwa kelele, na Baba hakuwahi kuwa mtu wa kupiga kelele. Angenyamaza. Siku ambayo angenyamaza, basi kweli ungebaki mwili.

Jumamosi kaka akafika na gari dogo la mizigo, godoro limeshatandikwa nyuma, dereva amebaki nje kwenye usukani. Akamwamkia Baba. "Get," Baba akaitikia, marahaba ya kutosha kabisa kwa mwenye masikio. Kaka akatazama pembeni, akaketi.

"Nimekuja kumchukua Baba," akasema. "Tusibishane, mdogo wangu."

Walibishana hata hivyo, mpaka binti akaishiwa maneno. Ukutani palikuwa na ubao wa siku zile Baba alipokuwa akiwafundisha watoto wa mtaa nyumbani. Akaokota chaki, na bila kujua anatafuta nini, akaiandika kauli ya kaka yake kwa Kiingereza: I have come to get Father.

Baba akausoma ubao. Shingo ikanyooka. "Get," akasema, na hili lilikuwa la darasani, kavu, ambalo binti hakuwa amelisikia tangu ugonjwa. Mkono wa kushoto ukajikongoja kutoka kwenye kiti, na kidole kikainuka, kinatetemeka, kikamwelekea mwanawe.

Kaka akataka kucheka. Akakitazama tena kile kidole, na bwana mkubwa yule, kitambi na simu mkononi, akasimama.

"Fetch," akasema kwa sauti ndogo. Hilo la kuteka maji. Kidole hakikushuka. "Collect." Hilo la mizigo. "Take." Jasho lilikuwa linamtiririka mzee usoni, na binti alitamani kuukamata mkono ule aupumzishe, lakini alijizuia. Kidole kilibaki juu.

"Ananielewa," kaka akasema bila kugeuka.

"Kila neno."

"Tangu lini?"

"Hajawahi kuacha, kaka."

Yule mtu wa kumaliza mambo akajifuta macho kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya enzi akisimamishwa darasani mbele ya wenzake. "See," akasema. "I have come to see Father." Kisha akamsogelea. "Nimekuja kukuona, Baba."

Binti alijua kwamba hilo si jibu. Livute get utakavyo, halifiki kwenye kuona. Na Baba, ambaye hakuwahi kumpa mwanawe alama asiyoistahili, akakishusha kidole.

Kaka hakukaa. Nje dereva alipiga honi, na hakuna aliyemjali.

"Get," Baba akasema, chini, upesi.

Binti akageuka aende, chaki ingali mkononi, akakuta kaka yake ameshaingia jikoni. Alimsikia akifungua kabati moja baada ya jingine, akitafuta glasi.