Kiti cha Mlangoni

Mnunuzi wa cherehani yangu nilikuwa nimeshampata, na jioni ile angekuja kuichukua. Chumba chetu cha ushonaji kina desturi yake: aliyetangulia kuanza kazi hukaa mlangoni, wengine tunafuatana hadi ukutani. Ukutani ni mimi. Wateja hawafiki huko, nami niliamini nina mkosi, au mikono mibovu. Nilikuwa nimechoka.

"Mama, usiuze kwanza," alisema binti yangu, aliyekuja kunitembelea kazini. Chuoni huunda mifano ya kompyuta inayoonyesha jinsi mali inavyopita kati ya watu, na kwa nini hujazana kwa wachache. Akamwaga vifungo mezani. "Kila kifungo ni mteja. Sarafu ikionyesha kichwa, anabaki kwa fundi wa kwanza. Isipoonyesha, anasonga kwa jirani, tunarusha tena. Humu hakuna fundi hodari wala mbovu."

Tukacheza mafundi wote wanne, kila mmoja kitini pake. Mkasi, ndivyo tunavyomwita fundi wa mlangoni, alijaza kiganja. Mimi niliambulia kimoja.

"Mkono wa baraka huo!" Mkasi akatamba.

"Basi shangazi, badilishana viti na mama."

Mkasi akaja ukutani, akicheka. Weee! Safari hii vifungo vilinimiminikia mimi, yeye akabaki anakodolea meza tupu.

"Sarafu hii ina mashetani!" Akatoa yake pochini. Mambo yakawa yale yale.

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Kumbe nilikuwa najilaumu bure! Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

"Kwa hiyo," Mkasi akasema polepole, "mimi nilikuwa najisifia kiti?"

"Mikono yako ni mizuri, shangazi. Ya mama pia. Kwenye kompyuta, mkipokezana viti kila wiki, hakuna anayekauka."

"Tupokezane? Kiti nimekitolea jasho hiki!" Aling'aka, lakini akainuka, akashika cherehani yangu upande mmoja. "Wewe nawe, shika huko! Au unangoja nibebe peke yangu?"

Tukaiburuta hadi mlangoni. Mara mnunuzi akatokea, akadhani tumemtolea mzigo wake.

Mkasi akamziba njia. "Haiuzwi. Kama una nguo ya kushona, fundi huyu hapa. Kama huna, tupishe, unatuzibia wateja."

Yule bwana alijikuna kichwa, akajitazama miguuni, kisha akaniuliza kupunguza suruali ni bei gani.