Waya wa Siku Mbili

Mji wa Eshimanga, ukishapita Bukura, hauna mengi ya kujivunia, lakini una daraja. Usifikirie daraja la mto. Hili ni la reli, limebebwa na nguzo saba za chuma, linapita juu ya barabara ya soko, juu ya mapaa ya maduka, juu ya kisiagi cha unga na kibanda cha kinyozi, kisha linavuka bonde na kutua upande wa zahanati. Treni haijapita hapo miaka mingi. Watoto waliozaliwa baada ya treni ya mwisho wameshaoa, na wapo wanaoapa kwamba lilijengwa ili watu waanike mahindi.

Mwenye habari zake ni Ignatius Osundwa. Alilitunza kwa miaka thelathini na mmoja akiwa katika genge la mafundi wa reli, akilitembea kila asubuhi na spana begani, akigonga nati moja moja na kusikiliza. Ukimwuliza daraja lina nati ngapi, atakuuliza kwanza unataka za upande gani. Alipostaafu alirudi kwa mkewe na kwa kanisa lake, akafanywa mzee wa kanisa, na watu wakamheshimu kama anavyoheshimiwa mtu ambaye hajawahi kuonekana akifanya jambo la aibu. Kuonekana, nasema.

Kwa hiyo kaunti ilipoamua kulipaka daraja rangi na kuligeuza njia ya waendao kwa miguu, na Abigail, afisa kijana wa utamaduni, akatumwa kuandika historia yake ili ichongwe kwenye ubao wa chuma, kila aliyemwuliza alimwelekeza kwa Osundwa. Mzee alimsimulia siku tatu mfululizo. Alimweleza jinsi nguzo zilivyoletwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Alimweleza jinsi mama zetu walivyouza ndizi wakiwa chini barabarani, kikapu kimefungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu, wanakiinua hadi dirishani kwa abiria, na jinsi treni ilivyoweza kuondoka na kikapu na mwanzi wake. Abigail alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi.

"Na hapa juu ya nguzo ya tatu, Kuka," akauliza siku ya mwisho, akimwita babu kwa lugha ya nyumbani, akionyesha picha kwenye simu yake. "Kuna kipande cha reli ya ndani hakipo. Kilienda wapi?"

"Wezi wa vyuma," Osundwa akajibu, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jumamosi Abigail akaita watu chini ya daraja awasomee alichoandika. Walikuja wengi, na mbele kabisa alikaa Teresa, ambaye mji mzima unamwita Mama Nekesa, ijapokuwa Nekesa alishazikwa miaka tisa iliyopita. Teresa ndiye mpiga kengele wa kanisa. Alisikiliza yote, ya ng'ombe na ya ndizi, mpaka Abigail akafika penye habari ya msichana mwanafunzi aliyeanguka kutoka darajani na kufa, baada ya wezi wa vyuma kung'oa kipande cha reli.

"Andika jina, mwanangu," Teresa akasema. "Mwizi ako na jina. Ni Masinde. Watu wakipitanga hapa wasome."

Minong'ono ya kukubali ikapita. Abigail akaguna. Alisema jina la mtu ni kitu kizito, hawezi kulichonga kwenye chuma kwa maneno ya sokoni. Labda mtu aliyelitunza daraja aweke sahihi yake kwamba ndivyo ilivyokuwa. Macho yote yakamgeukia Osundwa. Abigail akampa karatasi yenye jina la Masinde, akasema atairudia Jumanne saa nne.

"Baba Ayuma ataweka," Teresa akasema, akimwita Osundwa kwa jina la mwanawe. "Yeye ndiye alimbeba mtoto wangu."

Na kweli alimbeba. Hapo ndipo pa kuanzia, maana mtu huyu amekuwa akianzia kwingine kwa miaka tisa.

Kanisa lilikuwa halina kengele. Walikuwa wakigonga rimu ya lori, nayo ilikuwa na ufa, ikilia kama sufuria. Jumapili moja Osundwa akasimama mbele ya waumini na kusema, "Kengele niachieni mimi." Wakampigia makofi. Makofi ni kitu kitamu, na yeye alikuwa amestaafu, hakuna aliyekuwa akimpigia makofi nyumbani.

Alijua chuma kizuri kilipo. Katikati ya reli zinazokanyagwa na magurudumu, darajani huwekwa reli nyingine za ulinzi, na hapo Eshimanga reli hizo za ndani ndizo pia zilizobana mabamba ya kutembelea. Treni zilikuwa zimekoma, lakini watu walikuwa wakipita juu ya mabamba hayo kila siku kwenda zahanati, kukwepa tope la bondeni. Osundwa akavaa ovaroli yake ya kazi, akapanda mchana kweupe siku ya Alhamisi, akalegeza bolti, akakata futi tatu za reli kwa msumeno wa chuma. Watu wakampita wakimtakia kazi njema. Mmoja akasema afadhali, serikali imetukumbuka.

Bamba lililobaki bila kibano alilifunga kwa waya, mikunjo minne. Akajiambia ni waya wa siku mbili tu, atarudi na bolti.

Sheria ya reli aliijua kuliko Baba Yetu: ukilegeza hata nati moja, unasimika bendera nyekundu. Bendera alikuwa nayo nyumbani, imekunjwa vizuri juu ya kabati. Hakuisimika. Bendera ingemfanya kila mpita njia aulize nani amelegeza nini, na kengele ya Bwana ingeonekana wizi kabla haijalia. Jumapili ikatundikwa kwenye mzambarau wa kanisa, akasema shirika la reli lilimpa kile chuma kama zawadi ya kustaafu, na mchungaji akawaombea baraka watu wa reli.

Siku mbili zikawa wiki. Bolti za kipimo kile alizitafuta Kakamega mjini, akazikosa. Halafu mvua. Halafu, akitaka kusema ukweli wote, halafu woga, kwa sababu anayerudi kurekebisha ameungama kuwa aliharibu. Kila alipopita pale aliuangalia ule waya na kuuona unashika. Mwezi wa tano akaacha kupita.

Nekesa alikuwa mwanafunzi wa kilimo hapo Bukura. Asubuhi hiyo alikuwa akija nyumbani na miche ya parachichi kwenye trei, zawadi ya mama yake. Bamba likageuka chini ya mguu wake kama kifuniko cha sanduku. Osundwa alikuwa kwenye kisiagi akingojea unga wake, akasikia mlio wa chuma, na kabla ya mtu yeyote kupiga kelele alikuwa amejua. Alikimbia na msichana mikononi hadi zahanati huku akiongea naye njia nzima. Alikuwa akimwambia samahani. Waliomsikia walidhani ni huruma.

Kengele iliyotangaza kifo chake ni ile ile.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Za Osundwa zimekwisha na kuanza upya zaidi ya mara themanini, kwa sababu zililipwa na mwingine. Masinde alikuwa na stoo ya vyuma kuukuu nyuma ya soko, na kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, Teresa alimnyooshea kidole. Jioni ile stoo na nyumba vikachomwa. Masinde akahamia Chekalini na mke na mtoto, anaziba panchari. Osundwa alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwenye kile kidole. Alifungua mdomo, ukatoka wimbo wa maziko, akaimba na wengine.

Mche mmoja wa parachichi uliokotwa, Teresa akaupanda. Umekuwa mti. Kila msimu Teresa humletea Osundwa kikapu, "kwa mikono iliyombeba Nekesa," na kila msimu Osundwa hushukuru, akamaliza kwa kuwatupia nguruwe wa jirani. Hajawahi kuonja hata moja. Mkewe Zilpah anajua kwamba parachichi humsumbua tumbo.

Basi karatasi ya Abigail ikakaa mezani Jumamosi, ikakaa Jumapili. Aibu ya zamani angeweza kuendelea kuilea, alikuwa ameshaizoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Lakini hii ilikuwa mpya. Ule uongo alikuwa ameunyamazia. Sasa alitakiwa kuutia sahihi, uchongwe kwenye chuma, juu ya daraja lake, na mtoto wa Masinde aje ausome. Jumatatu akachukua kalamu, akakata jina, akaandika jingine juu yake, akaongeza na yale aliyokuwa ameyaficha, akaweka sahihi. Akakunja karatasi, akaenda kanisani wakati Teresa anafagia chini ya mzambarau.

"Mama Nekesa, nimekuletea hii uisome kabla ya yule msichana."

Teresa akaegemeza ufagio, akatoa miwani kwenye fundo la leso. Yeye ndiye msomaji wa masomo ya Jumapili, na karatasi yoyote huisoma kwa sauti, polepole, kama inatoka kwa mtume. Akasoma: "Nekesa, mwanafunzi, alianguka na kufa baada ya Ignatius Osundwa, aliyekuwa mtunzaji wa daraja hili, kukata reli ya ndani na kufunga bamba kwa waya. Kipande hicho ndicho kengele ya kanisa. Masinde hakuhusika."

Alipomaliza hakuinua macho. Akarudia jina kwa midomo tu. Kisha akaiangalia kengele, akaiangalia na nyundo iliyotundikwa kando yake, mpini wake umeng'ara kwa kiganja chake cha miaka yote.

"Nilikuwa nirudi baada ya siku mbili," Osundwa akasema. Aliposikia maneno hayo yakitoka, aliona jinsi yalivyo madogo. "Nimemuua mtoto wako, Mama Nekesa. Nikakuacha unipatie parachichi zake."

"Hiyo nimesoma." Sauti yake haikupanda. "Unajua umenifanyia nini, Osundwa?"

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Kila siku alikuwa Baba Ayuma.

"Nyumba ya Masinde haikuchomwa na vijana. Iliungua na hiki kidole. Bibi yake alipita hapa na mtoto kwa mgongo, akilia, na mimi nikamwambia ashukuru Mungu, yeye ako na mtoto. Miaka tisa nikilala naonanga ule moto, na nasema ni haki. Ndiyo ilikuwa inaniletea usingizi. Sasa usiku wa leo ule moto nitauambia nini?"

Jambo hilo Osundwa hakuwa amelifikiria. Siku mbili nzima alipima mzigo wake jinsi ya kuutua, wala hakutazama anautua kichwani mwa nani. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa polisi, kwa kufukuzwa kanisani. Hayo yote alikuwa ameyakubali njiani. Akapiga magoti kwenye majani aliyokuwa amefagia Teresa.

"Simama," Teresa akasema. "Watu watadhani unaomba."

Akamrudishia karatasi. Kisha akaangua nyundo na kumwekea mkononi.

"Kesho utapiga wewe. Mimi siwezi kuishika tena."

Alfajiri ya Jumanne, saa kumi na mbili, Osundwa alisimama chini ya mzambarau, karatasi mfukoni ikimngojea Abigail. Kwa miaka tisa aliisikia kengele ile akiwa kitandani, mto umemfunika masikio. Hakuwahi kuigonga mwenyewe hata mara moja. Akagonga. Chuma kikalia vizuri, safi, mlio ukavuka paa za soko na kugonga nguzo za daraja na kurudi. Kilikuwa chuma kizuri. Alijua tangu mwanzo kuwa ni chuma kizuri.

Hapo akamwona Teresa akija barabarani kutoka kwake, amevaa nguo za kanisani na viatu vya safari, kichwani amebeba kikapu kilichofunikwa kwa majani ya ndizi. Majani hayakutosha kufunika. Parachichi zilionekana pembeni, kubwa, za kijani kibichi. Hakuelekea kanisani. Alielekea steji, kwenye magari ya Chekalini, aliko Masinde.

Osundwa akashusha nyundo, akatoka hadi langoni.

"Mama Nekesa, ningoje. Abigail akishakuja tutaenda wote wawili."

Teresa akasimama chini ya nguzo ya tatu bila kugeuka. Hakuna mtu Eshimanga anayesimama hapo kwa hiari, na yeye alikuwa hajasimama hapo tangu siku ile.

"Wewe uko na siku yako, Osundwa," akasema. "Leo ni yangu. Rudi upige, watu wanangojea."

Akasawazisha kikapu, akaenda. Osundwa akarudi chini ya mzambarau, akainua nyundo, akaendelea kupiga.