Mpishi Asiyekula

Mtu akiniambia "kula bwana, acha maringo," natamani kumchapa na upawa. Kula! Kana kwamba nimeacha kwa kupenda. Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, nalisha watu mia mbili kila mchana, na tonge moja la wali linaweza kunikwama katikati ya kifua likakaa humo nusu saa. Halishuki, halipandi. Kisha umio wenyewe unaanza kujikaza, na maumivu yake, jamani, simwombei hata adui. Ni kama mtu anakukamulia nguo mbichi ndani ya kifua. Mara ya kwanza nilijua moyo ndio umekwisha. Daktari akapima moyo, mzima. Akasema misuli ya umio imevurugika, akanipa vidonge, akaniambia nile polepole na nisiwe na wasiwasi. Nisiwe na wasiwasi!

Nyumbani mama mkwe anawaambia majirani kwamba mkamwana wake anakinai chakula chake. Hayo nayavumilia. Shida ni kazini, ambako kuna tangazo limebandikwa mlangoni: anayetapika haingii jikoni. Haliulizi anatapika kwa nini. Basi nikaficha. Uji wangu nilinywea stoo, nimesimama kati ya magunia, na maji ya vuguvugu mkononi, dakika arobaini, mlango nimeufunga kwa ndani. Aliyejua ni msaidizi wangu peke yake, msichana mwenye roho safi, na yeye nilimwapisha asimwambie mtu.

Wiki iliyopita watu tisa wa zamu ya asubuhi waliharisha. Siku ile maji ya bomba yalitoka na rangi ya chai, lakini nani alilishuku bomba? Fundi mitambo, yule tunayemwita Spana, akasimama kantini akauliza, "Hivi jamani, kuna aliyewahi kumwona mpishi wetu akila?" Wakatazamana. Miaka miwili, hakuna hata mmoja.

Kesho yake msimamizi akanifuata jikoni.

"Dada, watu wana maneno. Leo utakula sahani ya kwanza mbele yao, yaishe."

"Na kama nimeshiba?"

"Utashibaje na hatujapakua?"

Nilitaka kumwambia. Lakini tangazo lilikuwa pale pale nyuma ya kisogo chake, nikalimeza neno langu. Maneno huwa yanashuka bila shida.

Saa sita na nusu wakaniwekea kiti mbele ya meza zote. Wali, maharage, kijiko. Macho mia nne. Kijiko cha kwanza nilikitafuna mpaka kikawa maji, kikapita. Cha pili kikapita. Nikaanza kujidanganya, nikasema moyoni labda leo Mungu yuko upande wangu.

"Mama, harakisha, tuna njaa!" Spana akapiga kelele, watu wakacheka, nami kwa aibu nikameza cha tatu kabla ya wakati.

Kikakwama. Nikashika ukingo wa meza. Nikanywa maji, nayo yakasimama juu ya wali, hayana pa kwenda. Kifua kikajikamua mara moja, mbili, mpaka nikaona giza. Nilitaka kusema "ni koo langu, chakula hakina kitu," lakini hata pumzi ya kusemea sikuwa nayo. Nikamtazama msaidizi wangu: sema, mwanangu, sema! Akatikisa kichwa, machozi yakimtoka, mkono mdomoni. Alikuwa ananitunzia siri.

Vyote vikarudi juu, mbele ya watu mia mbili.

"Sumu!" mtu akapaza sauti. Viti vikaanguka. Wakakimbilia mlangoni, wengine wakijitia vidole kooni na hata hawajaonja.

Sauti iliporudi nilikuwa sakafuni. Nikasema yote, palepale, kwa hasira, makamasi yakinitoka: umio, vidonge, stoo, miaka miwili. Msaidizi akachukua sahani yangu akaila yote, harakaharaka, ili waliosongamana mlangoni waone. Msimamizi akasubiri. Alipoona bado yuko mzima, akashusha pumzi.

"Kumbe si chakula. Tulishakudhania vibaya, dada." Alinisaidia kusimama, kwa upole kabisa. Kisha akanyoosha mkono. "Niachie aproni. Sharti ni sharti, unajua mwenyewe."

"Ugonjwa wangu hauambukizi."

"Najua. Lakini unatapika."

Spana alikuwa wa kwanza kurudi. Akauliza kama wali upo. Ulikuwepo, sufuria nzima, haujaguswa. Wakapanga foleni, na msaidizi wangu akaambiwa apakue yeye. Nikapiga hatua kumsaidia, kwa mazoea tu, maana maharage hutulia chini ya mchuzi na lazima uyakoroge kabla ya kupakua.

"Hapana, mama," Spana akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Wewe usiguse."

Nikasimama ukutani nikiwatazama. Walikula vizuri sana. Wengine walirudi kuongeza.