Johari na Kitanda cha Taa

Siku ya mwisho ya matanga nilikuwa nimeketi barazani na wanaume, na nyuma ya pazia nikamsikia dada yangu Mwanarehema akiwaambia wanawake kwamba Johari aliuawa na kitanda cha taa. Alisema kwa sauti ya chini, kwa huruma, na wenzake wakaitikia kwa kuguna. Sikuinuka. Nilikuwa nimechoka, na matangani si mahali pa kubishana. Lakini maneno kama hayo yakiachwa hukomaa, na wajukuu zetu wataambiwa hivyo hivyo. Mke wangu alikufa kwa moyo. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu alipomzaa Safa, binti yetu wa pekee, na tuliambiwa mapema kwamba siku moja utachoka. Kitanda cha taa kilimfanyia mengine. Hayo ndiyo ninayoyaandika, yasije yakanipotea.

Johari alikuwa mtengenezaji wa achari. Ya embe, ya pilipili, na zaidi ya zote ya ndimu, iliyojulikana mtaa wetu mzima wa Mwandoni na kuvuka hadi Kongowea. Kila alasiri alitoa meza mlangoni, akapanga chupa zake za mdomo mpana, na mteja akija na kibakuli alimpakulia mwenyewe, huku akimwuliza nani mgonjwa kwao, nani kaposwa, yule kijana amepata kazi au bado anahesabu magari. Achari ingeweza kupatikana dukani. Kwake watu walifuata ule muda wa kusimama na kuongea, na yeye pia muda huo ndio uliomweka hai.

Kisha barasi, ugonjwa wa mabaka meupe ya ngozi, ikamwingia. Baka la kwanza lilitokea chini ya jicho, dogo kama punje ya mchele. Likafuata la mdomoni, kisha vidole, mpaka mikono yote miwili ikawa kama imechovywa kwenye unga. Haikumwuma wala kumwasha. Zahanati walituambia haiambukizi, wakampa dawa ya kupaka ambayo haikuleta kitu. Nasi tukawaambia wateja kuwa haiambukizi, tukawaambia tena, mpaka tukachoka. Walikubali kwa midomo. Halafu jirani mmoja, Bi Samah, akasema kwa upole kabisa, "Johari, mwite mumeo anipakulie, wewe pumzika." Wengine wakalishika neno hilo. Mwisho nikawa mimi ndiye ninayekaa mezani nikitoka kazini Kipevu, na mke wangu yuko ndani anakata ndimu. Mimi sijui kuongea na wateja. Niliuza achari kama anayepima misumari.

Alichotaka Johari kilikuwa kimoja tu: kurudi mezani kwake, apakue kwa mikono yake.

Habari za kitanda alizipata kwa Nafula, mwenye saluni ya kina mama kule Bamburi. Nafula alitoka Bungoma akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa hakijamaliza safari. Hoteli moja ya pwani ilipofungwa na kuuza vyombo vyake, yeye alinunua vioo, viti, na kitanda kilichotengenezwa kwa taa ndefu chini na juu, mtu akilala kinafunikwa kama sanduku. Kilikuwa cha Wazungu kujibabua ngozi iwe ya hudhurungi. Nafula alisema mteja wake mmoja mwenye mabaka shingoni alikilalia, na rangi ikaanza kurudi.

Nilimsindikiza siku ya kwanza. Nilimwuliza Nafula inakuwaje mtu atoke Ulaya, aje ufukweni, jua lote lile liko nje, naye alale ndani chini ya taa.

"Mzee, na mvua ya Mei je?" akanijibu. "Mtu amelipa likizo yake, amenyeshewa wiki mbili. Arudi kwao mweupe vile alikuja? Majirani watasema alijificha kwa shangazi yake."

Johari akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka mbele ya mgeni kwa muda mrefu, na nadhani kicheko kile kilisaidia kumshawishi kuliko shingo ya yule mteja.

Hata hivyo hakukilalia siku ile. Alirudi nyumbani akalipima jambo, na mimi nikalipima naye. Safa, aliyeolewa Malindi, alipiga simu akasema amesoma kwamba vitanda vile huleta saratani ya ngozi, huharibu macho, huzeesha uso. Alimsihi mama yake asubiri zamu yake kwa daktari wa ngozi. Tulikuwa tumeshaandikisha jina, lakini foleni ilikuwa ya miezi. Mimi nilisema tusubiri. Nilisema Nafula ni mtu mwema lakini ni msusi.

"Saratani itakuja kesho, kama itakuja," Johari akasema. "Watu wananikimbia leo, Baba Safa."

Kwa upande mmoja wa mizani kulikuwa na ugonjwa ambao hatujauona, na kwa upande wa pili meza yake, ambayo niliiona kila alasiri nikiikalia mimi.

Akaanza kwenda. Alikwenda asubuhi mapema, Nafula anamlaza kwa muda mfupi, amevaa ile miwani midogo ya kukinga macho ambayo kamba yake ilikuwa imefungwa fundo. Ndimu za achari alikata alasiri, akisharudi. Hivyo zikapita wiki kadhaa, na Mwenyezi Mungu ni shahidi, kitu kilionekana. Chini ya jicho, ndani ya lile baka la kwanza, vikatokea vidoa vyeusi vidogo kama habasoda. Johari aliniita dirishani nivitazame. Nilivitazama kila siku. Mikononi hapakuwa na kitu, lakini alisema mikono itafuata uso kama mkia unavyofuata ng'ombe.

Kisha ikaja harusi ya Frere Town. Walitaka achari ya ndimu ya kulia biriani, watu wengi, na walitaka upesi. Nguma, anayesukuma mkokoteni pale soko la Kongowea, akatuletea ndimu gunia zima, akalibwaga uani na kusema harusi hiyo lazima bwana harusi ni mchungu, maana wanahitaji ukali mwingi hivi. Johari alianza kukata baada ya swala ya alfajiri. Alikata na kukamua mpaka jua likapanda, akanawa kwa sabuni, akajifuta, akaenda kwa Nafula kama kawaida yake. Hakutaka kuikosa siku.

Jioni alisema mikono inamchemka. Kesho yake ilikuwa myekundu, na siku iliyofuata ilijaa malengelenge makubwa ya maji, vidoleni, viganja kwa nyuma, hadi viwikoni kulikotiririka maji ya ndimu. Hata shavuni, alipojipangusa jasho, palikuwa na mchirizi wa kuungua. Hakuweza kushika kijiko. Nilimlisha. Kazi ya harusi ya watu tukairudisha, na Nguma akaja kuzichukua ndimu zilizobaki bila kufanya mzaha.

Nikampeleka hospitali ng'ambo ya daraja, kisiwani, na kwa hali aliyokuwa nayo wakampitisha mbele ya foleni. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke kijana. Aliita jina, Johari akaitika "Abee," akaingia ameinyoosha mikono mbele kama aliyebeba sinia. Daktari alisikiliza habari ya kitanda hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama, asubuhi ile, kabla hujalala pale, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nakata ndimu."

Daktari akaiweka kalamu chini. Akatueleza kwamba maji ya ndimu yakikaa ngozini, halafu ngozi ikapigwa na mwanga wa namna ile, huunguza kama maji ya moto. Hata jua peke yake linaweza kufanya hivyo. Taa zile zilizidisha. Sabuni haikutosha, maana yalikuwa yameshaingia. Johari alinitazama. Amekata ndimu tangu akiwa msichana kwa mama yake, na mama yake kabla yake, na katika nyumba yote ile hakuna aliyejua. Lakini hakuna aliyekata ndimu kisha akaenda kulala ndani ya taa.

Nikamwuliza daktari waziwazi kama mwanga ni dawa au ni sumu, kwa sababu vile vidoa vya usoni niliviona kwa macho yangu. Hakunicheka. Alisema hospitalini pia wanatibu barasi kwa mwanga, ila ni wa aina nyingine, na unapimwa: leo kidogo, kesho kutwa ukiongezwa kwa kiasi, na ngozi inakaguliwa kila mara. Kitanda cha saluni hakuna ajuaye taa zake zina nguvu gani wala kimechoka kiasi gani, na baka jeupe halina kivuli chake chenyewe cha kujikinga. Saratani aliyoisema Safa ni kweli, na haiji kwa siku moja, hujilimbikiza. Kisha akasema neno ambalo Johari alilipenda kwa ajili ya ukweli wake.

"Sitaki kukudanganya, mama. Uso mara nyingi hukubali. Mikono mara nyingi hukataa."

Nafula alikuja kututazama na matunda, akalia mpaka Johari akawa ndiye anayembembeleza, mikono yake ikiwa imefungwa bandeji. Alimwambia, "Hukujua. Na mimi niliyezaliwa ndani ya ndimu sikujua." Kitanda kile Nafula alikizima. Mara ya mwisho nilipopita, alikuwa ameanika taulo juu yake.

Vidonda vilipona, lakini ngozi nzima iliyozunguka mabaka ilibaki nyeusi zaidi kuliko mwanzo, na kwa hiyo mabaka yakaonekana meupe zaidi. Palipoungua kwenye kifundo cha mkono pakazuka baka jipya. Johari alianza matibabu ya hospitali. Mara tatu kwa wiki tulivuka daraja, tukakaa kwenye benchi, naye akaingia kwenye kabati la taa akasimama amevaa miwani, kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kutafuta kiti. Kisha tukarudi. Ramadhani ikapita, na Mfungo Tatu, mwezi wa hija, ukapita. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua kwenye ngazi. Alipumzika kila ghorofa, akijifanya anasoma matangazo ya ukutani.

Uso ukakubali, kama alivyosema daktari. Vile vidoa viliongezeka vikaungana, mpaka ukimtazama kwa haraka huoni kitu. Mikono haikubadilika hata kidole. Daktari akasema wanaweza kuendelea na mikono peke yake, lakini yeye hatarajii mengi, na kila mwanga unaoongezwa unabaki kwenye hesabu ya ngozi. Uamuzi ni wa mama.

Safari hii Johari hakutaka ushauri wa mtu. Tulirudi nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda chetu bila kuvua buibui. Nilimwambia kama anataka tuendelee, nitampeleka mpaka mwisho. Nilikuwa nasema kweli, ingawa miguu yangu ilikuwa inanisuta.

"Najua utanipeleka," akasema. "Lakini nitakwenda mpaka lini? Nasimama mle kabatini najiambia, nikipona nitarudi mezani. Na nisipopona je? Nitakufa nikiwa nyuma ya pazia nikisubiri mikono?"

"Watu watasema, Mama Safa."

"Waseme. Mimi nimechoka na taa, nao hawajachoka na maneno. Kila mtu ana yake."

Kesho yake alivaa glavu alizopewa na daktari, akakata ndimu kivulini. Alasiri nilipotoka kazini nikakuta meza imeshatolewa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, glavu amezivua, mikono iko wazi juu ya kitambaa cha meza. Mimi nikaketi ndani mlangoni, mahali alipokuwa akikaa yeye.

Nguma ndiye aliyekuja kwanza, na mkokoteni mtupu, akataka achari ya embe ya kulia muhogo. Akalalamika kwamba zamu ya mzee alikuwa anapunjwa. Johari akamwongezea kijiko. Kisha wakapita watu bila kusimama, na mmoja akasalimu akiwa upande wa pili wa njia. Halafu akaja Bi Samah na kibakuli chake. Alimpongeza Johari kwa uso, akasema alhamdulillahi umepona. Macho yake yakashuka mezani, yakatua mikononi, yakapanda yakinitafuta mimi mlangoni.

"Yuko wapi mzee atupakulie?"

Niliinuka nusu. Johari hakugeuka kunitazama.

"Hapa anayepakua ni mimi, dada yangu," alisema. Hakusema kwa ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshusha mzigo na hataki kuubeba tena.

Bi Samah alisimama kidogo, akashika kibakuli chake kwa mikono miwili. Akasema kwamba amekumbuka achari nyumbani bado iko, akaaga vizuri, akaenda zake. Johari alifunika chupa ya ndimu ili nzi wasiingie, akaendelea kukaa. Nilimwuliza kama niingize meza. Akasema bado, Maghribi haijafika.

Aliuza kidogo siku hiyo, na siku nyingi baada yake. Wengine walirudi taratibu, wakasimama na kuongea kama zamani, na wengine hawakurudi mpaka leo. Bi Samah ni mmoja wao, ingawa matangani alikuja na alilia. Johari alikaa mezani pale miaka miwili, mpaka ile wiki ambayo moyo ulikataa. Siku aliyolazwa aliniuliza kama nimewaambia wateja kwamba ya pilipili imekwisha. Nikamwambia nimewaambia.