Askari wa Pili

Delfina Garelli alirudi kutoka maktaba ya Cuneo uso umemshuka. Riwaya yake nzima ilikuwa imeegemea usiku mmoja wa enzi za mfalme: Baldassarre, karabinieri kijana, yaani askari polisi wa Italia, anakata theluji peke yake hadi dirishani kwa Domenica, binti wa mfugaji. Hao ndio babu na bibi wa baba yake. Kisa alisimuliwa na shangazi Ersilia, aliyekuwa na miaka themanini na kitu, na shangazi huyo leo alikuwa ameshapika polenta, ule ugali wa mahindi wa Kiitaliano, anangoja kusomewa.

"Soma basi. Unangoja nizeeke?"

"Kuna tatizo, shangazi. Nimesoma kanuni zao. Karabinieri hawakwenda doria mmoja mmoja. Wawili, siku zote wawili."

Ersilia akaweka mwiko chini. "Unataka kuniambia bibi yangu alichumbiwa na wanaume wawili?"

"Babu hakuja peke yake, ndilo nisemalo. La sivyo alitoroka zamu."

"Atoroke yeye? Yule aliyekuwa akiomba ruhusa ya kupiga chafya?"

Delfina hakucheka. Akiifuta sura ile ya dirishani, hana riwaya. Akiiacha ilivyo, kila mstaafu wa kikosi kutoka Turin hadi Palermo atamwandikia kumkosoa. Na huyu shangazi aliyeitunza hadithi ya ukoo maisha yake yote, atamtazamaje?

Ersilia alitafuna kwanza, hana haraka. "Sasa huyo wa pili alikuwa wapi wenzake wakibusiana?"

"Nje, nadhani. Kwenye theluji."

"Kichwa chako kimejaa vumbi la maktaba, mwanangu. Baridi ile watu walishinda jioni zizini, kwenye joto la ng'ombe, wanasokota uzi na kupiga soga. Askari abaki nje? Aliingizwa akapewa divai." Macho yakamng'aa. "Ngoja. Miaka yote hii nimejiuliza baba yake bibi alikuwa wapi. Mzee mwenye masikio kama mbwa, asisikie dirisha likifunguliwa?"

Delfina akaacha uma. "Alikuwa zizini."

"Anazungumzishwa na askari wa pili."

"Habari gani hizo za kumkalisha muda wote huo?"

"Wizi wa ng'ombe. Mtajie mfugaji wizi wa ng'ombe uone kama atainuka."

"Lakini kanuni inataka wasiachane, shangazi."

"Wewe unaandika riwaya au unaomba kazi ya ukarabinieri? Ukuta mmoja tu uko kati yao. Kula, inapoa."

Delfina aliiandika sura upya, akamweka yule wa pili kati ya ng'ombe, kofia magotini, akibuni wezi ambao hawakuwahi kuzaliwa. Jumapili akamsomea shangazi yake. Ersilia alisikiliza amefumba macho, na walipofika zizini akamgusa mkono.

"Huyu ana maneno matamu kuliko babu. Ningekuwa mimi Domenica..."

"Shangazi."

"Nasema tu. Rudia hapo pa zizini."