Ukurasa wa Nyuma

Muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume wagonjwa wa akili alikuwa na jina lake zuri alilopewa na wazazi, ila pale kazini hakuna aliyelitumia. Wagonjwa walimwita Mama Fomu, na wala hawakumwonea. Kila Jumatatu, inyeshe mvua, liwake jua, alipita vitanda vyote kumi na sita na kalamu yake, karatasi moja kwa kila mgonjwa.

Ukurasa wa mbele uliuliza maradhi: sauti, hofu, usingizi. Kila kimoja kilipewa alama kuanzia sifuri hadi nne, na nne ndiyo balaa yenyewe. Ukurasa wa nyuma uliuliza uzima. Wiki hii ulifurahi siku ngapi? Ni siku ngapi ulifanya jambo ukaliona lina maana? Ni siku ngapi ulijiona una la kumfaa mwenzako? Chini yake paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba mgonjwa ajibu mwenyewe, na herufi ndogo tunajua zinavyosomwa.

Mama Fomu hakuwa mvivu, Mungu ni shahidi. Alikuwa na huruma, na huruma ndiyo iliyomponza. Aliona ni kejeli kumwendea mtu anayetukanwa kutwa na watu wasioonekana, ukamuuliza amefurahi siku ngapi. Basi alijaza mwenyewe ofisini. Aliyepata nne mbele alipata sifuri nyuma, aliyepata moja mbele alipata siku tano, na hesabu zikalingana vizuri sana. Miaka kumi na miwili alifanya hivyo, na madaktari wakamsifu kwa unadhifu.

Kitanda cha tatu alilala Fundi, fundi cherehani wa zaidi ya miaka arobaini, aliyeletwa na dada yake mkubwa baada ya kukaa siku tatu chooni akiwakimbia wasemaji wake. Dawa zilimrudishia usingizi na hamu ya kula, lakini sauti ziligoma. Wiki ya tatu nne, ya sita nne, ya nane nne. Nyuma, kwa mkono wa Mama Fomu, sifuri zilipangana toka juu hadi chini.

Daktari wa wodi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisema Ijumaa ya wiki ya tisa ataamua. Pasipo mabadiliko, Fundi atahamishiwa Jengo la Juu. Huko ndiko walikokaa wasiotarajiwa kurudi kwao. Palikuwa pasafi, chakula kilifika kwa wakati, na mtu akishapanda ile ngazi hakuonekana tena akishuka na begi. Fundi alijua hivyo, na dada yake alijua.

Sasa Mungu akitaka kukufunza hakosi njia. Jumapili Mama Fomu aliteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki, akateguka kifundo cha mkono wa kulia. Jumatatu akaja kazini na bendeji, kalamu haishikiki. Alipofika kitanda cha tatu, akaona mgonjwa ana mkono mzuri wa kuandika, akampa karatasi.

"Niandikie wewe, mimi nisome," akamwambia.

Fundi akaandika. Sauti, nne. Usingizi, sifuri. Hofu, mbili. Kisha akaigeuza karatasi.

"Na huku, mama?"

"Huko huwa najaza mimi."

Fundi akasoma maswali polepole, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akamtazama kama anavyotazamwa mteja aliyejipima kiuno mwenyewe.

"Unajazaje, mama? Humu hamna hata swali moja unaloweza kulijua wewe."

 Mama Fomu akamwambia ajaze.

Kufurahi, siku tano. Jambo lenye maana, siku sita. Kumfaa mwenzako, siku sita. Aliandika bila haraka, huku midomo ikimchezacheza kama kawaida yake, akijibizana na wale wake.

"Fundi, usinidanganye kwa ajili ya Ijumaa," Mama Fomu akasema kwa sauti ya chini. "Sauti umeandika nne. Furaha imetoka wapi?"

"Ningetaka kukudanganya ningeanzia mbele," alisema Fundi. "Hizi ni kama redio ya jirani. Inapiga kelele, tena inapiga matangazo ya kunitukana mimi. Siwezi kwenda kuizima, nyumba si yangu. Lakini kitambaa ninakata. Mwanzoni nilikuwa nangoja inyamaze ndiyo nianze kuishi. Nimechoka kungoja."

"Na hiyo siku ya saba?"

"Jumapili chumba cha kazi kinafungwa."

Siku hiyohiyo saa tano Mama Fomu alikwenda chumba cha kazi za mikono. Miaka yote alikipita akielekea stoo, wala hakuwahi kusimama. Alisimama mlangoni, na hakuna aliyemwona.

Fundi alikuwa kwenye cherehani akipunguza sare ya mpishi. Midomo ilikwenda. Mara alitikisa kichwa, mara alisema "haya, nimesikia" kumwambia mtu asiyekuwepo. Na mguu wake haukukosa kanyagio hata mara moja, mshono ukatoka umenyooka. Pembeni yake alikaa Dereva wa kitanda cha saba, ambaye hakuwa amezungumza na mtu tangu aletwe na ambaye mikono ilimtetemeka mno asiweze kushika kijiko. Alikuwa anashona kifungo. Kila mkono ulipozidi kutetemeka, Fundi alinyoosha wake akauweka juu ya ule, bila kumtazama na bila kuacha kubishana na sauti zake, hadi ukatulia. Kisha akaendelea na sare.

"Uzi unakwisha," Dereva akasema.

 Mama Fomu alikuwa amesoma vitabu, amehudhuria semina, na alidhani anajua binadamu ni kitu gani. Hapo mlangoni aliona kwamba hajui hata nusu. Maradhi yalikuwa palepale, hayajapungua tone, na ubavuni mwake uzima umeota na kukua, mkubwa kabisa, wiki baada ya wiki, na yeye aliyekabidhiwa kuupima alikuwa akiuandikia sifuri. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono mzima. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na zaidi ya yote alitaka kunyamaza, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Ijumaa walikaa wanne: Daktari, Mama Fomu, Fundi na dada yake. Daktari akafungua faili.

"Wiki tisa, sauti nne," akasema. "Ila nyuma sielewi. Wiki nane sifuri, halafu ghafla sita. Mtu habadiliki hivi."

Hapo ndipo Mama Fomu angeweza kusingizia mkono. Akapiga moyo konde.

"Hakubadilika ghafla, daktari. Zile sifuri ni zangu. Sikuwahi kumuuliza. Nilinakili kutoka mbele."

Daktari akainua macho kutoka kwenye faili. "Kwa huyu tu?"

"Kwa wote."

 Daktari akafunika kalamu yake, akamgeukia Fundi.

"Zinasema sasa hivi?"

"Zinasema, daktari. Zinasema hamtaniachia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema inawezekana. Lakini nikiachiwa nina mashine nyumbani, na kuna watu nimewaachia suruali nusu."

Daktari hakucheka, ingawa alikaribia. Akasema dawa zitaendelea, kliniki kila wiki, na hofu ikizidi arudishwe bila kungoja. Yuko tayari kumruhusu, lakini kuna nyumba ya kumpokea? Wote wakamtazama dada.

Dada mtu mkoba ulikuwa mapajani, ameushika kwa mikono miwili. "Mimi niliambiwa atarudi zikinyamaza," akasema. "Nimeomba zinyamaze. Sikuomba kitu kingine." Akamgeukia ndugu yake. "Naogopa, mdogo wangu. Nikikukuta unaongea peke yako, nifanye nini?"

"Subiri nimalize, dada. Halafu niambie ulichokuja nacho."

 Dada akasimama, akaweka mkoba begani.

"Vitu vyake viko wapi?" akamuuliza Mama Fomu.

Waliondoka kabla ya chakula cha mchana. Mama Fomu aliwasindikiza hadi getini, akarudi ofisini, akafungua kabati la mafaili ya zamani. Furaha aliyokuwa nayo ilimshuka miguuni. Aliyatoa moja moja akayapanga mezani: wagonjwa wa wodi yake waliopandishwa Jengo la Juu kwa karatasi alizozijaza yeye. Walikuwa kumi na mmoja, na kumi na mmoja wote nyuma walikuwa na sifuri zilizoandikwa kwa unadhifu.

Alichukua fomu tupu kumi na moja, akapanda ngazi.

Wa kwanza alimkuta barazani. Mzee aliyekuwa mpiga chapa, mwaka wa tisa humo, vidole viwili vimeziba masikio kwa sababu ya sauti, na miguuni pake safu ya mikebe yenye miche iliyotiwa maji asubuhi ile. Mama Fomu alivuta kiti, akaweka fomu pajani, ukurasa wa nyuma juu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuuliza swali. Wiki hii umefurahi siku ngapi?"

Mzee alitoa kidole kimoja sikioni, akamtazama, kisha akatoa na cha pili.

"Una nafasi, mwanangu?" akamuuliza. "Maana nikianza na ya Jumatatu hatutamaliza leo."